Mgeni wa Hoteli Ndani ya Makrofaji: Uchambuzi wa Kisa cha Philadelphia, 1976

Tarehe 21 Julai 1976 askari wastaafu wa jimbo la Pennsylvania walianza mkutano wao wa mwaka katika jiji la Philadelphia, Marekani. Chama chao kinaitwa American Legion, na makao ya mkutano yalikuwa hoteli ya Bellevue-Stratford, jengo kongwe la kifahari katika mtaa wa Broad. Mwaka ule Wamarekani walikuwa wakisherehekea miaka 200 ya uhuru wao, na Philadelphia ndiko uhuru huo ulikotangazwa, kwa hiyo jiji lilifurika wageni. Kwa siku nne wazee wale walikutana, wakala pamoja, wakapiga gwaride mitaani kwenye joto la Julai, kisha wakarudi ndani kwenye ubaridi wa viyoyozi. Tarehe 24 wakaagana.

Hazikupita siku nyingi, habari mbaya zikaanza kuingia ofisi za chama. Huyu amelazwa, yule amefariki, wa mji mwingine naye hoi kitandani. Wote walikuwa na homa kali, kikohozi, maumivu ya misuli, pumzi inayokatika, na picha za kifua zilizoonyesha mapafu yaliyoziba. Hesabu ilipofungwa wagonjwa walikuwa 221 na waliokufa 34. Kati ya hao 221, watu 182 walikuwa wa mkutano. Waliobaki 39 hawakuwa wajumbe. Walikuwa wamepita au kusimama karibu na hoteli tu, na ugonjwa wao ukapewa jina la nimonia ya Broad Street.

Kisa hiki husimuliwa kama habari ya upelelezi, na kweli ina utamu wake. Mimi kinanivuta kwa jambo jingine. Bakteria aliyewaua wale wazee hakuwa akiishi kwenye damu wala kwenye majimaji ya mapafu. Alikuwa akiishi ndani ya makrofaji, seli ambayo kazi yake ni kumeza bakteria na kumsaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo ni mlinzi mwenyewe. Basi swali ni hili: bakteria akishaingia ndani ya mlinzi na kujifungia humo, mwili unajuaje kwamba yumo?

Jibu limechukua zaidi ya miaka 30 kupatikana, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa mambo mazuri zaidi katika elimu ya kinga. Makrofaji haimtambui adui kwa sura peke yake. Inamtambua kwa uharibifu anaoufanya anapojitengenezea makazi.

Mapafu yaliyojaa, slaidi tupu

Wachunguzi wa CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, walifika Pennsylvania mwanzoni mwa Agosti. Hofu ya kwanza ilikuwa mafua ya nguruwe, kwa sababu mapema mwaka uleule yalikuwa yamezuka kwenye kambi ya jeshi ya Fort Dix, jimbo jirani la New Jersey. Vipimo vikaonyesha siyo. Ikadhaniwa ni sumu, na kwa muda madini ya nikeli yakashukiwa. Nayo ikaonekana siyo.

Vipande vya mapafu ya marehemu vilikatwa vyembamba, vikapakwa rangi ya Gram, rangi ambayo kila maabara ya bakteria inaianzia. Chini ya hadubini vifuko vya hewa vilikuwa vimejaa nyutrofili, seli nyeupe za damu zinazowahi vitani, na makrofaji, dalili kwamba mwili ulikuwa vitani. Adui wa vita hiyo hakuonekana. Walipojaribu kuotesha sampuli kwenye sahani za kawaida za maabara, hakuota wa maana.

Leo tunajua sababu zake. Bakteria huyu hushika rangi ya Gram kwa shida sana akiwa ndani ya nyama ya mgonjwa. Sahani za kawaida hazina madini ya chuma wala asidi-amino aitwayo sisteini kwa kiasi anachokitaka.

Mmoja wa wanasayansi waliopewa sampuli alikuwa Joseph McDade, aliyefanya kazi katika kitengo cha ukoma na riketsia huko Atlanta. Riketsia ni bakteria wasioota nje ya seli hai, na McDade alifuata njia ya kitengo chake: aliwachoma simbilisi sindano ya majimaji yaliyotokana na mapafu ya marehemu. Simbilisi wakapata homa. Alipowapasua na kupaka slaidi za bandama akaona vijiti vichache vya bakteria, kimoja hapa, kimoja kule. Akaambiwa ni uchafu wa kawaida, vijiti kama hivyo huonekana kila mara. Hatua iliyofuata ilikuwa kuhamishia sampuli kwenye mayai ya kuku yenye viinitete, na kwa desturi ya kazi ya riketsia mayai hayo hutiwa viuavijasumu ili kuzuia bakteria wengine. Hakikuota kitu. Bila kujua, alikuwa amemuua yuleyule aliyekuwa akimtafuta.

Mwishoni mwa Desemba, siku za kati ya Krismasi na mwaka mpya, McDade alirudi kwenye slaidi zake za zamani. Jambo lilikuwa halijampa raha. Alizipitia upya, sehemu kwa sehemu, mpaka akafika mahali ambapo vijiti havikuwa kimoja kimoja bali vimesongamana kundi zima pamoja. Uchafu wa bahati mbaya haukai hivyo. Kundi ni dalili ya kuzaliana mahali. Akarudia mayai, safari hii bila viuavijasumu, na viinitete vikafa baada ya siku chache, kiini cha yai kimejaa vijiti. Kisha akachukua seramu, yaani majimaji ya damu, za wagonjwa walionusurika, akaziweka juu ya bakteria hao, na kingamwili zikawashika. Seramu ya siku za mwanzo za ugonjwa ilishika kidogo, ya wiki za baadaye ikashika kwa nguvu. Tarehe 18 Januari 1977 matokeo yakatangazwa. Baadaye bakteria akaitwa *Legionella pneumophila*, yaani wa Legion, mpenda mapafu.

Kingamwili hizo zilifungua na mafaili ya zamani. CDC ilikuwa imehifadhi kwenye friza seramu za mlipuko wa nimonia wa mwaka 1965 katika hospitali ya St. Elizabeths, Washington, na za homa ya ajabu iliyowashika watu 144 mwaka 1968 katika jengo la idara ya afya la mji wa Pontiac, Michigan. Zote mbili zikajibu kipimo. Mgeni wa Philadelphia hakuwa mgeni hata kidogo.

Kilichomwagilia bakteria hewani pale Bellevue-Stratford hakikuthibitishwa kimaabara, ila mfumo wa viyoyozi ndio unaoshukiwa. Minara ya kupozea maji ya majengo makubwa huweka maji ya uvuguvugu na kurusha matone madogo mno yanayoelea hewani. Mtu akivuta tone lenye *Legionella*, linateremka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na hapo linapokelewa na makrofaji.

Chumba cha ndani

Marcus Horwitz alikuwa daktari kijana aliyewahi kufanya kazi CDC, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York. Mwaka 1980, pamoja na Samuel Silverstein, alitoa damu ya watu wazima, akatenga monositi, seli changa ambazo zikihamia kwenye viungo hukomaa kuwa makrofaji, akaziwekea bakteria wa Philadelphia. Ndani ya monositi bakteria waliongezeka maradufu kila baada ya saa mbili hivi. Kwenye majimaji yaleyale bila monositi hawakuongezeka. Na alipozivunjavunja monositi na kuwapa bakteria mabaki yake, hawakuongezeka pia. Walihitaji seli hai, nzima, na wao wawe ndani yake.

Kwa kawaida makrofaji ikimmeza bakteria humfunga kwenye kifuko cha utando. Kifuko hicho huongezeka ukali wa tindikali, kisha huungana na laisosomu, vifuko vingine vilivyojaa vimeng'enya vya kumeng'enya chochote. Kwa bakteria wengi safari inaishia hapo, tena kwa muda mfupi.

Horwitz alifuatilia safari ya *Legionella* kwa hadubini ya elektroni, na picha zake za miaka ya 1983 na 1984 bado zinafaa kutazamwa taratibu. Kwanza kabisa, namna ya kumezwa: mkono mmoja mrefu wa seli humzungukia bakteria mara kadhaa, kama kamba inavyozungushwa kwenye mpini wa jembe. Dakika 15 baadaye kifuko chake kimezungukwa na vifuko vidogo laini. Baada ya saa moja mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zimesogea karibu. Zikipita saa kadhaa zaidi, ukuta wa kifuko umejipanga ribosomu, mashine ndogo za kuunda protini, nje yake, nukta nukta nyeusi mstari mzima, hata ukitazama haraka utadhani ni retikulamu ya endoplazimu, kiwanda cha seli chenyewe cha kutengeneza protini. Laisosomu hazikuungana na kifuko hicho. Tindikali haikupanda inavyotakiwa. Bakteria waliouawa kwanza kwa fomalini, wakamezwa na seli zilezile, walipelekwa kwenye laisosomu bila shida. Kwa hiyo kizuizi hakikuwa umbo la bakteria. Kilikuwa kazi aliyoifanya akiwa hai.

Chombo cha kazi hiyo kiligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 na makundi mawili, la Howard Shuman na la Ralph Isberg, na kikaitwa Dot/Icm. Ni mithili ya bomba la sindano lililopenya ngozi ya bakteria na utando wa kifuko mpaka kwenye maji ya seli. Kupitia sindano hiyo *Legionella* huingiza protini zake zaidi ya 300. Sijui bakteria mwingine wa kawaida wa magonjwa mwenye mzigo wa vyombo mkubwa namna hiyo. Protini moja hunasa vifuko vinavyotoka kwenye retikulamu na kuvileta kwake. Nyingine hubandika alama za kikemikali kwenye protini za usafirishaji za seli ili zimtumikie yeye. Nyingine, SdhA, kazi yake ni kulinda ukuta wa kifuko usipasuke.

Ujuzi wote huu alijifunzia wapi? Hakuupata kwetu. Mgonjwa wa *Legionella* hamwambukizi mwenziwe. Katika miaka yote hii kumeripotiwa kisa kimoja tu kinachoelekea kuwa cha mtu kwa mtu, huko Ureno, mlipuko wa mwaka 2014. Bakteria akiingia kwenye pafu la binadamu amefika mwisho wa njia, hatoki kwenda kwa mwingine, na chochote alichojifunza humo kinakufa naye. Mwalimu wake ni amiba. Mwaka 1980 Timothy Rowbotham, huko Leeds, Uingereza, alionyesha kwamba *Legionella* huingia ndani ya amiba wa majini na udongoni na kuzaliana humo. Amiba humeza bakteria kwa chakula, na njia zake za kumeza na kusaga zinafanana sana na za makrofaji. Aliyejua kukwepa kusagwa ndani ya amiba amejua na kukwepa kusagwa ndani ya pafu.

Lakini kuna asichojifunza. Amiba haina intalukini, protini ambazo seli za kinga hupelekeana habari, haina inflamasomu, mtambo wa hatari tutakaoukuta mbele, haina nyutrofili wa kuita. Makrofaji inavyo vyote. *Legionella* anaingia kwenye nyumba inayofanana na aliyoizoea, asijue kwamba hii ina kengele.

Kilichoishtua makrofaji

Kengele ya kwanza ni ya kawaida na inalia kwa bakteria yeyote. Juu ya utando wa makrofaji, na ndani ya vifuko vya kumezea, kuna vipokezi vya familia ya Toll. TLR2 hushika mafuta-protini ya ngozi ya bakteria, TLR5 hushika flajelini, protini inayojenga mkia wa kuogelea, na TLR9 hushika DNA ya bakteria. Vyote hivi hupitisha habari kwa protini ya kati iitwayo MyD88, na panya wasio na MyD88 hushindwa kabisa kuidhibiti *Legionella*. Kwa binadamu pia tuna dalili. Mwaka 1999 kulikuwa na mlipuko mkubwa kwenye maonyesho ya maua huko Bovenkarspel, Uholanzi, na wachunguzi walipolinganisha jeni za waliougua na za wasiougua, waliona kwamba mabadiliko yanayokata TLR5 katikati yanaongeza uwezekano wa kuugua.

Hata hivyo kengele hii haitoshi. Vipokezi vya Toll hulia hata kwa bakteria mfu. Hulia kwa bakteria mpole aliyepotea njia. Kama makrofaji ingewasha moto wote kwa kila mlio huo, mapafu yetu, ambayo kila siku yanavuta vumbi na vijidudu, yangekuwa kidonda kisichopona. Seli inahitaji kujua jambo la pili: je, huyu amebaki kwenye kifuko anakotakiwa kuwa, au amepenya?

Hapo ndipo panya wa maabara walipotusaidia. Ilijulikana tangu miaka ya 1980 kwamba makrofaji za panya wengi humzuia *Legionella*, isipokuwa ukoo mmoja wa panya, A/J, ambao makrofaji zao humwacha azaliane. Tofauti ya kurithi. Mwaka 2003 jeni yenyewe ikapatikana, NAIP5. Mwaka 2006 makundi kadhaa, kila moja kwa njia yake, yakatoa jibu la upande wa pili: kinachotambuliwa ni flajelini. *Legionella* aliyenyimwa flajelini huzaliana vizuri ndani ya makrofaji zilezile ambazo jana zilimshinda. Mwaka 2011 ikathibitishwa kwamba NAIP5 huishika flajelini moja kwa moja, kwa kugusana.

Tulia kidogo hapa, kwa sababu ndipo penye kiini cha kisa. NAIP5 haiko juu ya seli. Iko ndani, kwenye maji ya seli, mahali ambapo flajelini haina sababu yoyote ya kuwepo. Bakteria aliyemezwa kawaida, mkia wake unasagwa ndani ya kifuko na hauvuki ukuta. Flajelini ikionekana upande huu wa ukuta, maana yake ukuta umetobolewa. Na kilichoutoboa ni sindano ileile ya Dot/Icm. *Legionella* aliyevunjwa sindano, hata akiwa na mkia mzima, haiamshi NAIP5. Chombo anachokitegemea ili aishi ndani ya seli ndicho kinachovujisha siri yake.

Kwa nini basi asiutupe mkia? Kwa sababu anauhitaji. Chakula kikiisha ndani ya amiba, *Legionella* hubadilika, huota mkia na kutoka kuogelea akatafute amiba mwingine. Ndiyo hali anayokuwa nayo anapovutwa puani na mtu. Anafika mlangoni akiwa na mkia tayari. Na kubadilisha umbo la flajelini kidogo kidogo nako hakumsaidii: picha za mwaka 2017 za NAIP5 iliyoshika flajelini zilionyesha kwamba inaishika sehemu nyingi kwa wakati mmoja, sehemu zilezile ambazo mkia hauwezi kufanya kazi bila hizo.

NAIP5 moja iliyoshika flajelini huvuta protini nyingine, NLRC4, hiyo nayo inavuta NLRC4 ya pili, ya pili inavuta ya tatu, mpaka linajengeka gurudumu la vipande kumi na kitu. Hilo ndilo linaloitwa inflamasomu. Molekuli moja iliyovuja imetosha kulijenga. Gurudumu huamsha kimeng'enya kaspesi-1, na kaspesi-1 hufanya mambo mawili: inakata intalukini-1 beta na intalukini-18 ziwe tayari kwa kazi, na inakata protini ya gasdamini D, ambayo vipande vyake vinatoboa utando wa makrofaji. Seli inavimba, inapasuka, inakufa. Bakteria anajikuta nje, chumba alichokijenga kwa saa nzima kimebomolewa juu yake, na intalukini zimemwagika kuita wengine. Seli imechagua kufa kuliko kuwa kiota.

Kuna kengele ya tatu, na hii ndiyo inayonishangaza kuliko zote. Miongoni mwa protini zake 300 na zaidi, *Legionella* ana kadhaa zinazosimamisha utengenezaji wa protini za seli. Baadhi hubandika sukari kwenye kiungo muhimu cha mashine ya ribosomu na kuikwamisha. Ungetarajia makrofaji iliyofungwa mdomo hivyo inyamaze. Mwaka 2011 ikaonekana kinyume: kule kukwama kwenyewe huifanya makrofaji iongeze kuandika nakala za jeni za hatari. Haioni protini ya adui kabisa. Inaona kazi zake zenyewe zimesimama, na kutokana na hilo peke yake inatambua kwamba imevamiwa.

Lakini nakala bila ribosomu hazigeuki kuwa protini, na kwa kweli seli zilizoambukizwa hushindwa kutoa TNF, mojawapo ya ishara kubwa za kinga. Mbona basi mapafu yenye *Legionella* yamejaa TNF? Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulitenganisha, ndani ya pafu la panya, seli zilizochomwa sindano ya bakteria na zile ambazo hazijaguswa. TNF ilitoka kwa zisizoguswa. Seli zilizoambukizwa zilifanikiwa kutoa intalukini-1 licha ya kufungwa, na intalukini-1 hiyo ikawaamsha majirani. Aliyekabwa koo ametoa sauti moja tu, mtaa mzima ukasikia na kupiga yowe kwa niaba yake.

Nitaje kwa kifupi na ulinzi wa ukuta. *Legionella* aliyekosa SdhA, kifuko chake hupasuka, na mafuta-sukari ya ngozi yake humwagika kwenye maji ya seli. Hapo kaspesi nyingine, ya 11 kwa panya na ya 4 kwa binadamu, huyashika mafuta hayo na kuipasua seli vilevile. Kanuni ni ileile ya NAIP5: kitu ambacho kingekuwa cha kawaida ndani ya kifuko kimekuwa ushahidi kwa sababu kimeonekana mahali pasipo pake.

Linganisha na kifua kikuu, ambacho wengi wetu tunakijua kwa karibu zaidi. Bakteria wa kifua kikuu naye huishi ndani ya makrofaji za mapafu na naye huzuia kifuko kisikomae. Yeye amekuwa na binadamu kwa maelfu ya miaka, hupita mtu kwa mtu, hana mkia, huzaliana polepole sana na anaweza kutulia kwa miaka bila mwenyeji kujua. *Legionella* anagawanyika kila saa mbili na kuivunja seli siku hiyo hiyo au ya pili yake. Ndiyo maana ugonjwa wake unakuja kwa kishindo, na ndiyo maana makrofaji humgundua mapema kiasi hicho.

Kwa nini basi wale 34 walikufa

Panya wana NAIP kadhaa, kila moja na kazi yake. Binadamu tuna jeni moja ya NAIP inayofanya kazi. Inatambua flajelini na vipande vya sindano za bakteria, lakini makrofaji za binadamu kwa ujumla humruhusu *Legionella* azaliane, kama Horwitz alivyoona kwenye damu ya watu wake wa kujitolea. Kwetu ushindi haupatikani ndani ya seli ya kwanza. Unategemea wale walioitwa: nyutrofili wanaofika kwa intalukini-1, na seli za NK na seli T, seli nyingine nyeupe za kinga, zinazomwaga protini ya ishara iitwayo intaferoni gama.

Intaferoni gama inastahili maelezo, maana inageuza hesabu. Horwitz na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba monositi zilizopewa intaferoni gama kabla humzuia *Legionella* ndani yake, na mwaka 1989 wakaonyesha njia mojawapo: seli hupunguza milango ya kuingizia madini ya chuma, akiba ya ndani inashuka, na bakteria anayekitaka chuma kuliko wengi anabaki na njaa ndani ya chumba chake mwenyewe. Walipoongeza chuma kwenye majimaji, bakteria wakaanza kukua tena. Kifuko ni kilekile, kuta ni zilezile, ila ghala limefungwa.

Sasa tazama nani aliyekuwa hotelini. Wanaume wa makamo na wazee, wengi wavutaji sigara. Na umri mkubwa na sigara vilijitokeza katika uchunguzi kuwa viongeza hatari. Pafu la mvutaji huchelewa kusafisha kilichoingia, na mzee huchelewa kuita msaada. Saa mbili kwa kila kizazi cha bakteria si muda wa kuchelewa. Dalili nyingine ilikuja miaka mingi baadaye: dawa za kuzuia TNF, zinazotumika kwa baridi yabisi na magonjwa ya utumbo, ziliongeza visa vya *Legionella* kiasi kwamba mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo hilo liandikwe wazi kwenye maelezo ya dawa. Yowe la majirani likizimwa, mtaa haujui.

Kisha kuna matibabu. Madaktari wa Pennsylvania mwezi ule walikuwa wakitibu nimonia isiyo na jina, kila mmoja kwa alichokiamini. Wengine walitoa sefalotini, dawa ya familia ya penisilini kwa namna inavyofanya kazi, inayotegemewa kwa nimonia nyingi. Dawa za familia hiyo hazipenyi vizuri ndani ya seli. Zilizunguka kwenye damu na majimaji ya mapafu, mahali ambapo bakteria hawakuwepo. Wengine walitoa erithromaisini au tetrasaiklini, dawa zinazoingia ndani ya makrofaji na kujikusanya humo. Wachunguzi walipopanga majalada kwa dawa iliyotumika, waliopewa erithromaisini walikuwa wamekufa wachache zaidi. Tangu hapo tiba imefuata njia hiyo, na leo daktari anayeshuku *Legionella* huanza na azithromaisini au levofloksasini bila kusubiri jibu la kipimo cha mkojo.

Daktari aliyeandika erithromaisini mwanzoni mwa Agosti 1976 hakujua anapigana na nani. Vidonge vyake vilifika ndani ya kile chumba karibu miezi mitano kabla McDade hajakiona kundi la vijiti kwenye slaidi.